Barua Pepe Zilizotambaa

Wadogo zangu wa chumba cha mashine,

Mliniomba niwaandikie namna ya kuishughulikia seva ya barua pepe inapokuwa nzito. Nimejaribu kuandika mambo ya mashine peke yake, nimeshindwa. Katika miaka yangu yote kwenye ile kampuni ya bima, mashine ilinidanganya mara chache sana. Watu walinidanganya kila Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo nitaandika habari za wote wawili, na mashine itatoka na sifa nzuri zaidi. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo pale walipewa waliojua kucheka kabla mkubwa hajamaliza utani wake, na mimi meno yangu nilikuwa nayatumia kulia chakula.

Siku ya kwanza nilitoka nyumbani Buyenzi na mtandio mpya na diploma yangu ndani ya bahasha ngumu, nikidhani kuna mtu atataka kuiona. Nilipitishwa ofisi zote. Kila mkuu wa idara alikuwa na mapazia, jokofu dogo na kiti kinachozunguka. Mwisho nikaonyeshwa chumba cha seva. Kilikuwa jiko la zamani, tangu jengo lilipokuwa nyumba ya watu. Sinki bado ilikuwepo, bomba linadondosha maji, ndoo na matambara ya kupangusia sakafu vimepangwa ukutani. Seva iliyobeba mawasiliano ya kampuni nzima ilikaa juu ya meza ya kukatia mboga.

Mbele ya meza hiyo alikaa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi. Huyo ndiye Pascasie, injinia, aliyenifundisha kazi.

"We njo ule mupya?" akaniuliza, kama ndiye mimi mfanyakazi mpya.

"Ndiyo, Madamu."

"Kaa. Usiguse kitu."

Simu ikalia. Alikuwa mwanamume wa idara ya madai, analalamika kwamba imeili iko polepole. Pascasie akamwuliza, "Polepole ya nini? Ya kufungua, ya kutuma, ao ya kufika?"

Nadhani yule mtu alijibu kwamba ni polepole tu, kwa sababu Pascasie alirudisha simu mahali pake bila kuaga.

"Akijua, atapiga tena," akaniambia.

Hilo swali lichukueni, ni robo tatu ya kazi hii. Barua zikichelewa kufunguka kwa mtu mmoja, tazama kompyuta yake na sanduku lake alilolijaza kama stoo. Zikichelewa kutoka kwa watu wote, tazama seva na nyaya za humo ndani. Zikitoka vizuri halafu zikachelewa kufika kwa mtu wa nje, tazama foleni ya kutoka na mlango wa intaneti. Ni maradhi matatu tofauti, na anayeyatibu kwa dawa moja, yaani kuzima na kuwasha, si fundi. Ni mlinzi mwenye bisibisi.

Yule bwana wa madai alipiga tena baada ya chakula cha mchana. Ikaonekana alikuwa anangoja barua ya mwanamke fulani ambaye hajamwandikia. Hakuna seva duniani inayoweza kuharakisha barua isiyoandikwa.

Kitu cha pili alichonifundisha Pascasie ni kuipima mashine siku ambayo haina ugonjwa. Kila mtu hupima wakati moto umeshawaka. Yeye alinilazimisha nitazame, siku ya kawaida kabisa, kichwa cha seva kinafanya kazi kiasi gani, kumbukumbu imejaa kiasi gani, na diski zinachukua muda gani kusoma na kuandika. Nilimwona ananipotezea wakati. Alikuwa ananipa macho.

Miaka ikaenda hivyo. Nilishughulika na mkuu wa mauzo aliyewatumia wafanyakazi wote kalenda ya mwaka mpya, picha kubwa ya ziwa na milima ya Congo, nzito kiasi cha kuifanya seva ikohoe hadi adhuhuri. Nilipomweleza kwamba angeiweka mahali pamoja watu wakaichukue, alinijibu kwamba basi haitakuwa zawadi. Nilishughulika na wahasibu wawili waliokwenda likizo pamoja, kila mmoja akaacha jibu la kujiendesha la kusema hayupo. Barua ya mmoja ikamjibu mwenzake, ya mwenzake ikamjibu yeye, zikaongea peke yao tangu Ijumaa hadi Jumatatu. Ndiyo mazungumzo marefu zaidi waliyowahi kuwa nayo wale wawili, na yalikuwa na adabu kuliko yao ya kawaida.

Pascasie akastaafu, akaenda kukaa kwake Mutanga Sud karibu na chuo kikuu. Mahali pake akaajiriwa Ramadhani, mtoto wa fundi wa magari wa Buyenzi, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Alikuwa fundi mwenye mikono mitulivu. Mimi husema maneno makali, yeye hakuwa akisema chochote. Tulielewana.

Halafu akaja mkurugenzi mkuu mpya, ambaye wote tulimwita DG. Alikuwa mtu wa suti na manukato, na alikuwa na desturi ya kutosoma. Barua zake ziliandikwa na wengine, naye akisema tu "tuma, tuma," huku anatazama simu. Msimu wa joto kiyoyozi cha ofisi yake kikaharibika. Akawatuma mafundi wachukue chetu, kile cha chumba cha seva.

Nilikwenda kumweleza kwamba mashine zile zinahitaji ubaridi.

"Madamu Hadija," akasema, "mashini haitoki jasho. Mi natoka jasho."

Nikarudi jikoni. Tukafungua dirisha la jiko, tukaweka feni.

Sasa nakuja kwenye kesi yenyewe. Shangazi yangu alifariki Rumonge, nikaenda kumzika na kukaa matanga. Wiki hiyohiyo Ramadhani alikuwa tawi la Gitega. Chumba cha mashine kikabaki bila mtu. Niliporudi nikakuta nyuso zimekunjwa kila korido: imeili haziendi. Nikauliza lile swali la Pascasie, na safari hii jibu lilikuwa moja kwa wote. Kusoma barua za zamani, sawa. Kutuma, mtu anabonyeza, anakwenda kunywa chai, anarudi, barua bado iko palepale.

Na kampuni yetu ilikuwa inatoa bima ya matibabu. Hospitali haikuwa ikimpasua mgonjwa wetu mpaka ipate kibali chetu kwa barua pepe. Kabla sijapata hata nafasi ya kufungua vipimo vyangu, akaingia mapokezi mwanamume mwenye matope hadi magotini. Alikuwa ametoka hospitali, na kabla ya hapo Gatumba, ambako maji yalikuwa yamejaa tena. Mke wake, mfanyabiashara wa samaki wa mpakani, alikuwa ameshikwa na uchungu wa uzazi na mtoto amekaa vibaya.

"Daktari iko tayari," akapiga kelele. "Kisu iko tayari. Wanasema wangoje imeili yenu! Imeili njo inazaa?"

Mpokezi akamwambia kwa upole kwamba kibali kimetumwa tangu asubuhi. Alikuwa anasema kweli, na ukweli huo haukumsaidia mtu yeyote. Niliipata barua imekaa kwenye foleni pamoja na wenzake, nikaichapa kwenye karatasi, nikamtafuta daktari wetu aigonge mhuri, nikapanda teksi na yule baba. Njiani alikuwa anatikisa goti, matope yanadondoka kwenye kapeti ya teksi, na dereva alimtazama kwenye kioo akaongeza mwendo. Karani wa hospitali alipoiona karatasi alisema, "Lakini tulisema imeili." Niseme tu kwamba nilimjibu, na kwamba mlango wa chumba cha upasuaji ulifunguliwa.

Mama na mtoto walipona, alhamdulillahi. Mtoto wa kike.

Habari ikamfikia DG, naye akafanya wanachofanya wakubwa wanapoogopa: akatafuta mtu. Hakutafuta sababu, alitafuta mtu. Siku hizo palikuwa na mtaalamu aliyeletwa kwa ndege kufunga programu mpya ya uhasibu. Kwa kuwa alikuwa na kompyuta ndogo inayong'aa na alizungumza kwa kujiamini, akapewa na kesi ya imeili juu yake. Alikaa mbele ya seva yetu muda wa kunywa kahawa moja. Akatoka na majibu mawili. La kwanza, seva ni ya zamani, inunuliwe mpya, na kwa bahati njema yeye anawajua wanaouza. La pili, akaunti ya Ramadhani ina ruhusa ya kuingia kwenye sanduku la DG.

Ruhusa hiyo ilikuwepo kweli. DG mwenyewe aliiomba, baada ya kulijaza sanduku lake hadi likakataa kupokea, akamwambia Ramadhani amsafishie. Sasa akasahau. Au hakusahau, sijui kilicho kibaya zaidi.

Akaitisha wafanyakazi wote ukumbini.

"Imeili iko polepole," akatangaza, "sababu kuna mutu anachungulia. Mutu akichungulia barua zote, zitatembea namna gani?"

Mtaalamu alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alijua kwamba hayo ni upuuzi, kwa sababu hata mtu asiyejua kitu kuhusu seva angejua. Alitazama viatu vyake.

Nikasimama. "Bwana DG, Ramadhani alikuwa Gitega."

"Njo hatari ya hizi vitu, Madamu. Wanafanya kwa mbali."

Ramadhani alisimamishwa kazi mbele ya macho ya watu wote, wafagiaji na madereva wakiwemo. Aliniambia tu, "Dada, ufunguo wa kabati iko kwa mutungi," akatoka. Kabla ya sala ya alasiri, Buyenzi nzima ilikuwa inajua kwamba mtoto wa fundi magari amefukuzwa kwa wizi wa barua za mkubwa. Buyenzi haina haja ya seva. Mama yake aliacha kwenda sokoni, akawa anamtuma jirani.

Siku iliyofuata imeili ikawa polepole vilevile. Nikaenda kwa DG kumwonyesha kwamba mchunguliaji hayupo na mambo ni yaleyale.

"Aliacha kitu ndani," akasema.

Na mtu akishaamini kwamba kuna kitu ndani, hakuna kipimo kitakachomtosha. Nikafunga mlango wa jiko letu, nikafanya kazi.

Kichwa cha seva kilikuwa kinapumzika. Kumbukumbu ilikuwa na nafasi. Nyaya na intaneti, safi. Diski zilikuwa zinasoma kwa kasi ileile niliyoizoea siku zote. Lakini kuandika! Kila kitu kilichotaka kuandikwa kilipanga foleni kama watu wanaongoja petroli. Nilijua diski zile zinaandikaje zikiwa nzima, kwa sababu nililazimishwa kutazama. Kitu kinachosoma kama kijana na kuandika kama mgonjwa, huyo si mzee. Ana kidonda mahali pamoja. Ila sikujua ni wapi.

Nikampigia Pascasie. Nilimkuta anagombana na fundi wa paa.

"Inasoma muzuri, inaandika mubaya?" akauliza. "Na kadi ya diski inasema nini?"

"Haisemi kitu. Imenyamaza."

"Hata kulia?"

"Hata kulia."

"Mm," akasema. "Basi mi sijui. Fungua utazame." Akarudi kwa fundi wake. Sifa yake nyingine ni kwamba alipokuwa hajui, alisema hajui, kitu ambacho sikukisikia tena katika jengo lile.

Nilikuwa natoka kwenda kuomba ruhusa ya kuizima seva niifungue, nikapita kwa Godelieve, katibu wa DG, ambaye ofisi yake imepakana na jiko letu. Alikuwa anapaka kucha.

"Hadija, kweli imeili inasumbua," akasema, "lakini angalau ule mulio uliisha. Yule mtaalamu Mungu amubariki."

"Mulio gani?"

"Yoo! Si ulikuwa kwa matanga. Mashini yenu ililia tiii, tiii, siku nzima, kichwa kiliniuma. Mi nikamuita yule bwana. Alibonyeza vitu, ikanyamaza. Ni mutu wa maana sana."

Niliketi kwenye kiti cha wageni. Niliwahi kusikia hasira nyingi mwilini mwangu, lakini ile ilikuwa baridi. Mashine ilikuwa imesema. Ililia siku nzima katika jengo lililojaa watu wenye masikio, na mtu pekee aliyelipwa kuielewa aliiziba mdomo, kisha akauza dawa.

Nikarudi jikoni, nikaingia kwenye mipangilio ya kadi ya diski, ambayo awali niliisikiliza tu, nikakuta kilio chenyewe kimezimwa kwa mkono, na chini yake onyo jekundu: betri imekufa.

Hebu niwaeleze, maana mtakutana nayo. Kadi ya diski ni kama karani wa mapokezi mwenye kisanduku mezani. Ukimletea barua anaiweka kisandukuni, anakuambia "nimepokea, nenda," halafu anazipeleka kabatini kwa wakati wake. Kisanduku hicho ni kumbukumbu ndogo, na betri yake inakilinda umeme ukikatika. Betri ikifa, kadi inaogopa kupoteza barua za watu, kwa hiyo inakiondoa kisanduku kabisa. Sasa kwa kila barua karani anasimama, anatembea hadi kabatini, anafungua, anaweka, anarudi, na foleni inangoja. Ni kadi yenye dhamira. Ilijichosha ili isipoteze kitu cha mtu, wakati viongozi wake walikuwa wanatafuta wa kumtupia lawama.

Na betri za aina ile huuawa na joto. Hapo nilitazama ukutani, mahali palipokuwa kiyoyozi. Yalibaki matundu manne ya skrubu.

Kuna mahali pa kuweka alama ili kuilazimisha kadi iendelee kutumia kisanduku hata bila betri. Nyinyi mtaona alama hiyo na mtashawishika. Katika mji ambao umeme unakatika bila kubisha hodi, anayeiweka alama hiyo anastahili kupewa kazi ya kuandika upya kwa mkono barua zote zitakazopotea. Sikuiweka. Badala yake vibali vyote vya hospitali tukavipeleka kwa simu na kwa dereva hadi betri ipatikane, na betri ikapatikana kwa Bwana Seif, mfanyabiashara wa vipuri ambaye ukoo wake una maduka mjini tangu enzi za babu yake. Alimpigia binamu yake Dubai, na msafiri mmoja akaja nayo ndani ya begi, katikati ya nguo za watoto.

"Ni hii tu?" Bwana Seif akaniuliza alipoitoa. "Mi nilifikiri unaagiza injini."

Ilibidi nimweleze DG, maana seva ingezimwa. Nikamweleza polepole, karani, kisanduku, betri, joto. Mtaalamu alikuwepo. Nikamtazama.

"Ni wewe uliyeuzima mlio?"

"Ulikuwa unasumbua watu," akasema.

DG alikuwa anatazama simu yake. "Sawa, badilisha hiyo betri."

"Na Ramadhani?"

"Ile ni dosie ingine, faili ingine, Madamu. Ilishasainiwa. Tusichanganye."

Ningeweza kusema betri haiingii mpaka mtu wangu arudi. Nililifikiria hilo, wallahi. Lakini hospitalini palikuwa na watu wanaongoja, na hao hawakuwa wamemsimamisha mtu kazi. Nikauliza jambo moja tu.

"Wafanyakazi wote wataarifiwe kwa jina lako, Bwana DG, kwamba tatizo limekwisha. Niandike mimi?"

"Andika, andika. Tuma."

Nilimpelekea maandishi kwenye meza yake kama ilivyo taratibu. Aliusoma mstari wa kwanza, uliokuwa na jina lake na cheo chake chote. "Tuma," akasema.

Nikaizima seva, nikaifungua, nikaing'oa betri ya zamani. Ilikuwa imevimba, ndogo kama kiberiti. Nikaweka mpya, nikawasha, nikangoja ijae nguvu. Kisha nikatuma.

Barua ilisema kwamba uzito wa imeili ulisababishwa na betri iliyokufa kwa joto baada ya kiyoyozi cha chumba cha mashine kuhamishwa; kwamba mashine ilitoa onyo na onyo likazimwa na mtaalamu; kwamba Bwana Ramadhani hakuhusika kwa namna yoyote, na kwamba uongozi unamwomba radhi mbele ya wafanyakazi wote kama alivyotuhumiwa mbele ya wafanyakazi wote. Chini, jina la DG.

Ilifika kwa kila mtu papo hapo. Nilisikia viti vikisukumwa, halafu mtu wa idara ya madai akicheka kwa sauti. Godelieve alitoka nje na kucha zake zikiwa mbichi.

DG alikuja jikoni mwenyewe, mara ya kwanza na ya mwisho.

"Madamu Hadija. We uliandika nini?"

"Ulichosema nitume, Bwana DG."

"Nitaandika ingine."

"Andika," nikamwambia. "Sema betri haikufa. Sasa hivi zinafika haraka."

Alisimama pale, jasho linamtoka, maana feni ilikuwa inaelekea kwenye seva. Kisha akaondoka. Hakuandika ingine. Ili aandike, ingembidi asome ya kwanza hadi mwisho.

Ramadhani alirudi kazini asubuhi moja, barua ya kumsimamisha imefutwa kimyakimya, bila mtu kumpigia tarumbeta. Hakunishukuru, na sikutaka anishukuru. Alining'iniza koti lake, akapitisha kidole kwenye vumbi la meza, akauliza, "Iko wapi?"

Nikamwonyesha betri iliyokufa. Akaiweka kwenye kiganja, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Njo hii?"

"Njo hiyo."

"Naweza kuikamata, dada?"

Nikamwambia ni yake. Jioni hiyo, mimi niko kibarazani kwetu Buyenzi, nikamwona anapita mtaani na mama yake. Mama alikuwa amevaa vizuri, ametoka nje kwa mara ya kwanza tangu mambo yale. Walisimama kwa muuza mkate, kwa fundi cherehani, kwa wazee wa mlango wa msikiti, nyumba moja baada ya nyingine. Kila mahali mama alinyoosha mkono, akafunua kitambaa, akawaonyesha kile kitu kilichovimba.

"Mwizi wenu njo huyu," alikuwa anawaambia. "Mutazame vizuri. Mumusalimie."